Mircea alimwandaa mrithi mapema: kwa nini kiti cha Wallachia kiligombaniwa hivi baada yake?

#1 Mchimba Hati

Salaam wakuu.

Naleta hoja ya Wallachia, ile nchi iliyokaa kati ya milima ya Carpathia na mto Danube, kusini mwa Romania ya leo. Mircea, yule wanayemwita cel Bătrân (Mzee), alikalia kiti tangu 1386 hadi alipofariki Januari 1418, ukiacha kipindi kifupi ambacho Vlad I alimpokonya, kilichoisha 1397. Hakufa akaacha watu wanatazamana. Mwanawe Mihail alishamkalisha kitini pamoja naye miaka kadhaa kabla, na hati zinamtaja kijana kama voivoda (mtawala) mwenza. Mzee anafariki, mrithi tayari yuko ndani.

Sasa tazameni kilichofuata. Mwaka 1420 Mihail anauawa vitani. Kuanzia hapo hadi 1456 wanapita Dan II, Radu Praznaglava, Alexandru Aldea, Vlad Dracul, Mircea II, Basarab II, Vladislav II na Vlad III. Ukimjumlisha Mihail ni watu 9 ndani ya miaka 38, na baadhi yao walitolewa wakarudi. Kabla ya hapo, tangu Basarab I hadi kifo cha Mircea, muda wa takriban karne nzima, kiti kilikaliwa na watu 7 tu.

Mpango wa Mircea uliharibiwa na nini? Naomba hoja zenye majina na tarehe. "Walikuwa na tamaa" haitoshi, tamaa ilikuwepo hata enzi za Basarab.

#2 Mdadisi wa Pwani

Mpango haukuharibiwa, mkuu. Mpango wenyewe haukuwa na nguvu ya sheria.

Huko hapakuwa na kanuni ya mzaliwa wa kwanza. Kanuni ilikuwa moja: awe mwanamume mwenye os domnesc, yaani "mfupa wa kitawala". Baba, babu au ndugu wa baba akishakuwa amekalia kiti, wewe unastahili. Wa ndoa, wa nje ya ndoa, mkubwa, mdogo, wote sawa. Halafu maboyari (makabaila wa nchi) wanamkubali na kanisa linampaka mafuta. Kanuni inakwambia nani anaruhusiwa kugombea, haikwambii nani ashinde.

#3 Nyota ya Argeș

#2 umenena vizuri, ila hoja yako ina tundu. Kanuni hiyo hiyo ilikuwepo karne ya 14 na mambo yalikwenda shwari. Basarab I akamwachia mwanawe Nicolae Alexandru mwaka 1352. Huyu akamwachia Vladislav mwaka 1364. Vladislav akafuatiwa na ndugu yake Radu, Radu akafuatiwa na mwanawe Dan I, na Dan alipouawa 1386 akaingia Mircea, ndugu yake. Mara ya kwanza tunaona kiti kinanyang'anywa waziwazi ni huyo Vlad I, na alikuja baada ya Waothmani (Waturuki wa Sultani) kufika Danube.

Kanuni isiyobadilika haiwezi kuwa sababu ya mabadiliko.

#4 Mdadisi wa Pwani

Inaweza, kama idadi ya wanaostahili imebadilika. Hesabu nami.

Radu I aliacha wana wawili waliotawala, Dan I na Mircea. Wana wa Mircea waliowahi kukalia kiti ni wanne: Mihail, Radu Praznaglava, Alexandru Aldea na Vlad Dracul. Dan I akamzaa Dan II. Wana wa Dan II waliokalia kiti ni watatu: Basarab II, Vladislav II na Basarab Laiotă, na wa nne, Dan III, aliuawa akikitafuta mwaka 1460. Wana wa Vlad Dracul waliokalia ni wanne tena: Mircea II, Vlad III, Radu cel Frumos na Vlad Călugărul.

Ndani ya vizazi viwili kiti kimoja kina watu kumi na zaidi wenye haki ile ile. Mwaka 1352 hali haikuwa hiyo.

#5 Kapteni Mzalendo

Mbona jambo rahisi mnalizungusha. Ni koo mbili, Dănești (uzao wa Dan) na Drăculești (uzao wa Vlad Dracul). Huyu akiingia yule anatoka. Ndiyo historia nzima ya karne ya 15.

#6 Mchimba Hati

Kapteni, hiyo picha ya koo mbili inasaidia kukariri majina. Kwenye matukio inakwama haraka.

Alexandru Aldea na Vlad Dracul walikuwa wana wa baba mmoja, Mircea. Aldea aliingia 1431 kwa msaada wa Moldavia, nchi jirani ya kaskazini-mashariki, kisha akaenda kujinyenyekeza kwa Sultani Murad II. Vlad muda wote huo anasubiri Sighișoara, Transylvania, akiwa chini ya mfalme wa Hungaria, na anaingia Wallachia mwisho wa 1436 baada ya Aldea kufariki.

Vlad III na Radu cel Frumos ni baba mmoja, na mwaka 1462 Radu aliletwa na jeshi la Mehmed II kumtoa kaka yake.

Upande wa Dănești ndiyo hivyo hivyo: Basarab Laiotă alitolewa 1477 na Basarab cel Tânăr, Țepeluș, ambaye ni mtoto wa ndugu yake. Baba mdogo anatolewa na mtoto wa kaka.

Halafu majina yenyewe Dănești na Drăculești yamewekwa na wanahistoria baadaye ili kupanga orodha. Kwenye hati mtu anajiita "mwana wa" fulani voivoda. Huyo baba ndiye hoja yake.

#7 Kapteni Mzalendo

Nimekubali kuhusu majina, mkuu. Ila 1420 hadi 1427 huwezi kunitoa: Dan II na Radu Praznaglava walipokezana kiti kama mpira, mmoja mwana wa Dan, mwingine mwana wa Mircea.

#8 Asha_Tarehe

Hao wawili ndio ushahidi wa hoja tofauti kabisa. Dan II alikuwa na Hungaria nyuma yake. Kamanda wa Sigismund, mfalme wa Hungaria, aitwaye Pippo wa Ozora, alivuka naye milima. Radu alikuwa na Waothmani. Akiingia Radu ujue wa kusini wamesogea, akiingia Dan ujue wa kaskazini wamesogea.

Tazama ramani. Giurgiu, ngome iliyo kando ya Danube, ilishaangukia mikononi mwa Waothmani mwishoni mwa enzi za Mircea. Kutoka hapo hadi Bucharest ni kilomita 60 hivi, nchi tambarare, hakuna mlima wala korongo la kumzuia mpanda farasi. Upande wa pili, Brașov iko ng'ambo ya Carpathia na njia ya Bran inashuka moja kwa moja kuelekea Târgoviște, uliokuwa mji wa kiti. Kila jirani ana mlango wake, na kila jirani anafuga wadai kiti: Hungaria inawahifadhi Transylvania, Sultani anawaweka kama dhamana nyumbani kwake.

Mdai kiti asiye na jeshi la jirani alibaki mtu mwenye jina tu.

#9 chipukizi_88

Samahani wakubwa, huyo Dracula wa kwenye filamu ni yupi kati ya hawa?

#10 Nyota ya Argeș

Vlad III, anayeitwa pia Țepeș. Baba yake Vlad II aliingizwa mwaka 1431 kule Nuremberg kwenye Jumuiya ya Joka ya Mfalme Sigismund, akapata jina Dracul. Mwana akawa Drăculea, "wa Dracul". Kiti alikikalia mara tatu: 1448, 1456 hadi 1462, na 1476 kwa muda mfupi akauawa.

Uliza tu, huku hakuna swali dogo.

Turudi. Mchimba, kwenye #1 umemweka Mircea II kama mtawala kamili. Mwaka 1442 baba yake alikuwa amezuiliwa kwa Sultani, kijana akashika nafasi kwa niaba. Hunyadi, kamanda wa Hungaria, alipoingia akamkalisha Basarab II. Ukiwa mkali wa hesabu ni watu 8.

#11 Mchimba Hati

Nimepokea sahihisho, dada Nyota. Wanane, na mmoja kaimu. Swali limebaki pale pale.

#12 Asha_Tarehe

Niwape mwaka mmoja tu uliopigwa karibu, mwone kiti kilivyogeuka hatua kwa hatua.

Mwisho wa 1447 John Hunyadi, gavana wa Hungaria, anashuka Wallachia. Vlad Dracul alikuwa amepatana na Waothmani baada ya kushindwa kwa Wakristo pale Varna mwaka 1444. Maboyari wa Târgoviște wanamkamata Mircea II na kumuua. Mapokeo yanasema alipofushwa kwa chuma cha moto akazikwa hai. Baba anauawa Bălteni. Hunyadi anamkalisha Vladislav II.

Oktoba 1448 Hunyadi anakwenda kupigana Kosovo, na Vladislav anafuatana naye. Kosa liko hapo: mtawala mwenye mwaka mmoja kitini ameondoka na jeshi lake. Vlad III, kijana aliyekuwa dhamana kwa Sultani, anaingia kwa msaada wa Waothmani na kukaa Târgoviște.

Kuna barua yake kwa wakuu wa Brașov, imeandikwa siku moja kabla ya Sikukuu ya Watakatifu Wote. Ameitwa aende Transylvania kusubiri Hunyadi arudi. Anajibu kwamba hawezi, kwa kuwa mjumbe kutoka Nicopolis amemfikia na habari kuwa Murad amepigana na Hunyadi siku tatu, na hajui kama gavana ni hai au amekufa. Anawaomba subira. Gavana akirudi salama, Vlad atakwenda kupatana naye. Wakimfanyia uadui sasa, dhambi ni juu yao mbele ya Mungu. Huyo ni mtu aliyekalia kiti anayesubiri kujua nani ameshinda vita kilomita mamia kutoka alipo, maana matokeo ndiyo yatakayoamua kama atalala hapo mwezi ujao.

Kufikia Desemba Vladislav amesharudi na Vlad ametoka. Miezi miwili tu. Maboyari hawakubadilika, kanuni ya mfupa haikubadilika. Kilichobadilika ni jeshi lililokuwa karibu.

#13 Mdadisi wa Pwani

Asha, umesema mwenyewe kwamba maboyari wa Târgoviște ndio waliomuua Mircea II. Hunyadi asingelala kwenye mji ule bila wao.

#14 Mzee wa Muhuri

Nilikuwa nasoma kimya, #13 imenitoa mafichoni. Kuna sehemu ya ushahidi haijaguswa hapa: mwisho wa hati.

Hati ya Wallachia inayompa mtu ardhi inafungwa kwa orodha ya mashahidi, maboyari wa baraza la mtawala kwa vyeo: ban anayeongoza Oltenia (magharibi mwa nchi), vornic wa kasri na hukumu, logofăt anayesimamia uandishi na muhuri, vistier wa hazina, spătar anayebeba upanga wa mtawala, stolnic wa meza, paharnic wa vinywaji, comis wa farasi. Fanya hivi. Chukua hati ya mwisho ya mtawala anayeondoka na ya kwanza ya anayeingia. Andika orodha mbili sambamba. Majina yaliyomo kote kote ni watu waliobadilisha bwana wakabaki na cheo. Yaliyopotea, fuatilia kama yanaibuka miaka kadhaa mbele chini ya mdai kiti mwingine. Utaona makundi yanayoingia na kutoka na watu wao.

Kilichowasukuma ni ardhi. Ardhi ya boyari iliweza kuchukuliwa kwa kosa la usaliti, wenyewe wakiliita hiclenie. Mtawala mpya anawatangaza wasaliti wale waliomfuata wa zamani, anachukua vijiji vyao, anawapa watu wake. Walionyang'anywa wanavuka milima kwenda kumtafuta mwenye mfupa atakayewarudishia. Kila badiliko la kiti linazalisha watu wenye sababu ya kuleta badiliko linalofuata.

Hoja ya Asha ya majirani haipingani na hii. Jirani anatoa jeshi, ila anayemfungulia mlango ni boyari aliyepoteza vijiji.

#15 Mchimba Hati

Mzee, hii ndiyo post niliyokuwa naisubiri. Ongeza neno kuhusu fomula ya laana na mrithi, wewe unaijua vizuri kuliko mimi.

#16 Mzee wa Muhuri

Kwenye hati hizo hizo, kabla ya laana, mtawala anawaomba wanaokuja wasiivunje zawadi yake. Anasema: yeyote ambaye Bwana Mungu atamchagua kuwa mtawala baada yangu, awe katika wanangu, awe katika jamaa zangu, au, kwa ajili ya dhambi zetu, awe wa kabila jingine, akiiheshimu hati hii Mungu amheshimu.

Soma taratibu. Mtawala mwenye wana wazima anaandika kwa mkono wa logofăt wake kwamba hajui nani atamfuata. Hasemi "mwanangu fulani". Milango mitatu ameiacha wazi, na wa tatu ni mtu baki kabisa. Fomula hii inarudiwa hati baada ya hati.

Kwa hiyo Mdadisi kwenye #2 yuko sahihi zaidi kuliko mnavyompa. Kumkalisha Mihail pamoja na baba kulikuwa ni kumtanguliza mbioni. Kufunga mlango ilikuwa jambo jingine.

#17 Nyota ya Argeș

Fomula ni fomula, Mzee. Waandishi wananakili kutoka hati hadi hati. Hata mwenye mrithi wazi angeandika hivyo hivyo kwa kuwa ndivyo hati inavyoandikwa.

#18 Mzee wa Muhuri

Sawa, lakini maneno yananakiliwa pale ambapo hayamshtui msomaji. Waliosikiliza walikuwa ni maboyari wale wale wa orodha ya chini.

#19 chipukizi_88

Nimeona hati moja mtandaoni imewekwa mwaka 6960. Hiyo kalenda gani?

#20 Mzee wa Muhuri

Miaka tangu kuumbwa kwa ulimwengu, kwa hesabu ya Byzantium. Mwaka unaanza 1 Septemba. Kama tukio ni la Januari hadi Agosti, toa 5508. Kama ni la Septemba hadi Desemba, toa 5509. Kosa la kila siku ni kutoa 5508 kwa kila kitu, na miezi minne ya mwisho inaruka mwaka mmoja mbele.

Mfano: Bogdan II wa Moldavia aliuawa Reuseni mwezi Oktoba 6960. Toa 5509, ni 1451. Mwenye haraka anapata 1452 na kumwongezea marehemu mwaka wa utawala. Vita ya Doljești, mwanawe Ștefan (atakayeitwa cel Mare) alipomshinda Petru Aron, ni 12 Aprili 6965. Toa 5508, ni 1457. Ukishika hati za Moldavia za Ștefan mwenyewe kuwa mwangalifu zaidi, kuna ubishi kama ofisi yake ilianza mwaka Septemba au Januari.

#21 Kapteni Mzalendo

Maadam Moldavia imetajwa, tuilete kama kipimo. Huko Alexandru cel Bun alitawala 1400 hadi 1432 na mwanawe Iliaș alikuwa tayari mtawala mwenza. Sawasawa na Mircea na Mihail. Matokeo? Mwaka 1433 Iliaș ametolewa na ndugu yake Ștefan II. Mwaka 1435 wakapatana kutawala pamoja, Ștefan akapewa sehemu za kusini. Halafu Ștefan akampofusha Iliaș. Mwaka 1447 Roman, mwana wa Iliaș, akamkata kichwa baba yake mdogo. Mwaka 1451 Petru Aron akamuua Bogdan II, ndugu yake wa baba mmoja, waliyekutana karamuni.

Moldavia haikuwa na Giurgiu ya Waothmani. Asha, jirani yuko wapi hapo?

#22 Asha_Tarehe

Yuko Poland, Kapteni. Mke wa Iliaș alikuwa dada wa Malkia Sophia wa Poland, na mapatano ya 1435 yalikuwa na mkono wa mfalme wa Poland. Na upande wa pili alikuwepo Hunyadi, aliyemuunga mkono Bogdan II. Umeondoa Danube ukaacha Carpathia na Dniester.

#23 Kapteni Mzalendo

Haya, hapo umenipiga.

#24 Mdadisi wa Pwani

Kumpofusha Iliaș badala ya kumuua kuna maana yake. Mwenye mfupa alitakiwa awe mzima wa mwili. Aliyekatwa pua au kupofushwa anahesabiwa "ametiwa alama", hawezi tena kugombea. Ilikuwa ni njia ya kumfuta mdai kiti bila kubeba damu ya ndugu.

#25 Nyota ya Argeș

Bogdan III, mwana wa Ștefan cel Mare, alitawala Moldavia 1504 hadi 1517 akiwa na jicho moja. Anaitwa cel Orb, Kipofu. Na jicho hilo halikuwa siri: alipoomba kumwoa Elisabeth, dada wa mfalme wa Poland, ni moja ya mambo yaliyotajwa binti alipomkataa. Kanuni ya uzima wa mwili ilikuwa wapi?

#26 Mdadisi wa Pwani

Jicho lililopotea lenyewe si sawa na jicho lililotolewa kwa amri ya mtawala. Alama ni hukumu. Na jicho moja si upofu.

#27 Mzee wa Muhuri

Mimi ningeongeza kwamba Iliaș alipofushwa na bado mwanawe Roman akakalia kiti. Alama ilimfuta mtu, haikufuta mfupa. Ștefan II alilipia kutolitambua hilo.

#28 Asha_Tarehe

Bogdan huyo ana jambo jingine ambalo watu wa "koo" hawaligusi. Mama yake ni Maria Voichița, binti wa Radu cel Frumos wa Wallachia. Mwaka 1473 Ștefan cel Mare alimshinda Radu, akateka mke wake na huyo binti, akawapeleka Suceava, mji wa kiti wa Moldavia. Baadaye akamwoa binti. Kwa hiyo mtawala wa Moldavia wa 1504 ni kitukuu wa Vlad Dracul kwa upande wa mama, na hakuna aliyemletea dai la Wallachia kwa njia hiyo. Mfupa ulipita kwa wanaume.

#29 Nyota ya Argeș

Kwa kawaida ndiyo. Lakini ukoo wenyewe wa Mușat uliotawala Moldavia umebeba jina la mwanamke, Margareta Mușata, mama yake Petru I. Namna alivyounganishwa na ukoo wa Bogdan I mwanzilishi bado inabishaniwa: wapo wanaosema yeye ndiye binti wa nyumba hiyo, wapo wanaosema mumewe Costea ndiye aliyekuwa na damu. Kama ni wa kwanza, basi mfupa wa Moldavia ulipita kwa mwanamke mapema kabisa.

#30 Mchimba Hati

Rejeeni Ștefan na Wallachia, maana hapo hoja ya majirani inapata mtihani mgumu. Mwaka 1473 alimkalisha Basarab Laiotă. Laiotă akageukia Waothmani. Januari 1475 pale Vaslui wanajeshi wa Wallachia walikuwa upande wa Sultani. Mwaka 1476 akamrudisha Vlad III, akamwachia walinzi 200 wa Moldavia. Vlad akauawa, na Ștefan mwenyewe aliwaarifu Waveneto kwamba katika hao walinzi walipona 10. Akaingia tena Laiotă, kisha Țepeluș kuanzia 1477, naye akageuka. Julai 1481 pale Râmnic Ștefan akampiga Țepeluș, na kiti kikaangukia kwa Vlad Călugărul, aliyekuwa mtawa kabla. Vlad huyo naye akakaa na Waothmani kwa amani hadi 1495.

Kama jirani mwenye jeshi ndiye anayeamua, Ștefan alikuwa na jeshi na alishinda karibu kila mara. Mbona hakupata mtu wake hata mmoja akadumu?

#31 Asha_Tarehe

Kwa sababu Suceava iko mbali na Giurgiu iko jirani. Yeyote aliyekaa Târgoviște au Bucharest, awe ameletwa na nani, akiamka asubuhi jirani yake wa karibu ni Sultani. Kodi ya utii iliyotajwa enzi za Vlad III ilikuwa ducat (sarafu za dhahabu) 10,000 kwa mwaka. Ukilipa unalala, usipolipa mdai kiti anavushwa mto. Hawakuwa wasaliti wa Ștefan. Walikuwa wanahesabu kilomita.

#32 Mzee wa Muhuri

Au wanahesabu maboyari. Mwenye Oltenia kipindi hicho alianza kuwa ni nyumba ya Craiovești, na ban wa Craiova alikuwa na askari wake. Hao ndio waliofanya jambo ambalo linapindua uzi huu wote: mwaka 1512, baada ya Vlad cel Tânăr kukatwa kichwa Bucharest, wakamweka mtu wa nyumba yao, Neagoe. Boyari, mwana wa Pârvu Craiovescu. Mfupa hana. Basi ikatangazwa kwamba kwa kweli baba yake ni Basarab Țepeluș, na akaitwa Neagoe Basarab.

Hapo ndipo jina "Basarab" linapoanza kufanya kazi ya jina la ukoo. Wenye nguvu kuliko nchi nzima walishindwa kusema "tunatawala kwa nguvu". Ilibidi wamtafutie baba.

#33 Mdadisi wa Pwani

Na mfupa huo wa kutafutwa haukumfikisha mbali mwanawe. Neagoe alifariki 1521, mtoto Theodosie akakalishwa chini ya uangalizi wa mama yake Milița Despina na Preda Craiovescu. Mwaka ukaisha vibaya.

Aliyeibuka ni Radu de la Afumați. Jiwe la kaburi lake liko Curtea de Argeș, kwenye kanisa alilojenga Neagoe. Ameonyeshwa juu ya farasi, ana taji, rungu mkononi, vazi linapepea nyuma, na maandishi yanaorodhesha vita vyake 20, kimoja kimoja, na pale alipopigana. Mwaka 1526 alimwoa Ruxandra, binti wa Neagoe. Alishika kila kitu: mfupa, ndoa, vita. Januari 1529 maboyari wa nchi yake wakamuua pamoja na mwanawe.

#34 Kapteni Mzalendo

Mchimba, narudi kwenye swali lako la #1. Mtawala mwenza alifaulu wapi? Nimeangalia: Mihnea cel Rău, mwana wa Vlad III, alimtanguliza mwanawe Mircea III mwaka 1509, na baada ya muda mfupi wote wawili wakatolewa, Mihnea akauawa Sibiu Machi 1510. Mihail, miaka miwili. Iliaș, mwaka mmoja. Mfano unaosimama ni Ștefan cel Mare kumwachia Bogdan.

#35 Nyota ya Argeș

Na tazama alivyofanya. Bogdan alikuwa na cheo cha voivoda tangu mapema, baada ya kaka yake Alexandru kufariki Istanbul mwaka 1496. Hata hivyo Ștefan alipolala kitandani mwaka 1504, maboyari wakagawanyika. Habari zilizofika Venice zinasema alijibeba, akawakamata wakuu wa upinzani na kuwaua, akamkalisha Bogdan kitini na kuwaapisha waliobaki. Siku mbili baadaye, 2 Julai, akafariki. Cheo cha mwenza pekee kingemfikisha Bogdan pale pale alipofika Iliaș.

#36 Mchimba Hati

Mircea hakuhitaji kufanya hivyo, Nyota. Mihail aliingia 1418 bila upinzani tunaouona kwenye hati. Aliangushwa vitani, na Dan II alikuwa tayari yupo nje akisubiri. Ningependa Mzee atuwekee orodha mbili za mashahidi, ya Mihail na ya kwanza ya Dan II, tuone ni majina mangapi yamevuka.

#37 Mzee wa Muhuri

Nitaziandika sambamba niziweke hapa. Hati za Mihail ni chache, kwa hiyo jina likikosekana kwake msiseme mara moja kwamba mtu huyo ametoka barazani. Kwa Dan II tutaanza na zile zenye mwezi na mwaka kamili tu, kwa sababu kuna zisizo na tarehe ambazo zinaweza kuwa za zamu yake yoyote.